Mbolezi ya Aliye Hai

Kwaya ya watu tisini kutoka pwani ilipata hamsini na nne, na kiongozi wao akateremka jukwaani akisema mashine imeharibika. Kila aliyeshindwa mwaka ule alisema mashine imeharibika. Mashine haikuwa na neno. Zilikuwa bangili mia tatu kwenye mikono mia tatu, na wenye mikono hiyo walikuwa wamekaa kimya ukumbini, mashati yamekunjwa hadi mabegani, kwa sababu bangili haisomi juu ya nguo.

Watu hao waliitwa Mikono. Waliokotwa kwa bahati nasibu kutoka kila kaunti: muuza samaki, mwalimu wa hesabu, fundi wa baiskeli, bibi mmoja aliyekuja na kitambaa anachofuma akanyang'anywa mlangoni. Hakuna aliyewauliza kama wimbo wameupenda. Binadamu ukimuuliza atakujibu kwa kabila lake, kwa shemeji yake, kwa chai aliyonunuliwa asubuhi. Kinyweleo hakina shemeji. Kikisimama kimesimama, na bangili inahesabu.

"Anayefuata," alisema Wakesho Mwadime kwenye kipaza sauti, bila kuinua kichwa.

Wakesho alikuwa msoma vipimo mkuu wa Tume ya Wimbo, mwanamke wa Kitaita mwenye sauti ndogo na ukali mkubwa. Tangu asubuhi alikuwa nyuma ya kioo akisikiliza mapenzi yaliyovunjika, uzalendo wa kupigiwa tarumbeta, na kijana mmoja aliyeimba huku ananing'inia kwenye kamba. Kijana wa kamba alipata arobaini na moja. Iliyotafutwa ilikuwa themanini. Chini ya themanini, nchi ingekuwa inakwenda kutalii tu.

Na nchi haikuwa na hamu ya kutalii. Tangu mataifa yajifunze kuongoza mawingu kwa puto na dawa, hakukuwa tena na mvua ya Mungu, kulikuwa na mvua ya zamu. Wakubwa walijaribu kugawana zamu kwa hesabu, wakapigana. Wakajaribu kura, wakanunuana. Mwishowe, kwa uchovu zaidi kuliko hekima, wakakubaliana juu ya kitu kimoja ambacho hakuna aliyejua kukihonga, nacho ni ngozi ya mtu anaposikia wimbo. Kila nchi ilete wimbo mmoja kwa mwaka. Atakayesimamisha vinyweleo vingi ndiye atakayechagua mawingu kwanza, na wa mwisho apewe makombo. Jamhuri ilikuwa imekula makombo miaka mitatu mfululizo, na makombo ya mvua hayajazi hata birika.

Aliyefuata alikuwa mwanamke wa makamo, kichwa kimenyolewa, kitenge kimefungwa kifuani kama mtu aliyetoka shambani. Aliitwa Nelima Khaoya, kutoka Kimilili. Hakujileta. Wasaka nyimbo wa Tume walimsikia matangani kwa jirani yake, wakamfuata hadi nyumbani, wakarudi mara tatu mpaka akakubali. Msaidizi alimvisha kidani shingoni, taa yake ikiwa bado imezimika.

Kidani kililetwa na mkosi wa mwaka wa kwanza, pale nchi moja ilipoleta wimbo uliotungwa na kompyuta. Ulipata tisini na tisa, na wasikilizaji watatu wakakimbizwa hospitali. Ndipo ikaongezwa sheria: aimbe mtu aliye hai, na kidani kiseme kama anachokiimba anakihisi kweli. Taa ya kijani, wimbo unahesabiwa. Taa nyekundu, ni maigizo, na nchi inafutwa.

Nelima hakusimama kwenye alama iliyochorwa. Alitembea jukwaani huku na huku, mkono mmoja kichwani, akitazama chini kama anayetafuta kitu kilichomdondoka. Aliimba mbolezi, wimbo wa kumlilia maiti, kwa Kibukusu, na katika Mikono mia tatu waliokielewa hawakufika ishirini. Alimwita mwanawe Sitati. Alimwambia arudi nyumbani kwa njia ya mto, asipite barabarani.

Muuza samaki aliinamisha kichwa. Mwalimu wa hesabu alikuwa analia na hajui. Nyuma ya kioo, Wakesho alitazama nambari ikipita sabini, ikapita themanini bila kusita, ikatulia kwenye tisini na moja. Taa ya kidani ilikuwa ya kijani kibichi kabisa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti wa Tume, Profesa Katiku, alivua miwani akaifuta kwa tai yake.

*

Sheria ilitaka msoma vipimo mwenyewe amhoji mwimbaji kuhusu chanzo cha wimbo. Wakesho alimkuta Nelima chumba cha nyuma akinywa chai ya rangi.

"Mama Sitati, pole kwa msiba."

"Tumekwisha kupoa, mwanangu. Ni miezi saba."

Sitati alikuwa kijana wa puto. Alipanda na wenzake kwenda kupandia dawa wingu la kaskazini, puto likashika moto, na walioenda kutafuta wakarudi na vitambaa vilivyoungua. Hakukuwa na cha kuzika.

"Sasa mkafanyaje?"

"Tukazika mgomba." Nelima alisema hivyo kama mtu anayesema tukala ugali. "Mtu akipotea, unakata mgomba wa urefu wake, unauvalisha shati lake, unauzika. Halafu unamlilia vizuri. Bila hivyo atazunguka tu huko nje."

"Na wimbo?"

"Wimbo ni wa ule mgomba. Siku akipatikana, hata mifupa, mama yake anaung'oa kwa mkono wake mwenyewe, na wimbo unaisha hapo. Hauimbwi tena."

Wakesho aliuliza, kwa sababu kuuliza ndiyo kazi yake: "Na akipatikana mzima?"

Nelima aliweka kikombe chini. "Akipatikana mzima, asinione kabla sijaung'oa. Shimo limekwisha kula jina lake. Akiniona kabla, litamdai mwenyewe. Na kumwimbia mbolezi mtu aliye hai, hiyo hata usiitaje. Ni kumwita kifo kwa mdomo wako." Akatabasamu kidogo. "Wewe una watoto?"

"Mmoja. Mkamburi. Ana miaka saba."

"Anakohoa?"

Watoto wote walikohoa siku hizo. Kilikuwa kikohozi cha vumbi, na madaktari waliokijua walisema dawa yake ni hewa iliyonyeshewa. "Anakohoa," alisema Wakesho.

Jioni hiyo, ambayo ilikuwa Jumapili, wimbo wa Nelima ulirushwa redioni nchi nzima. Yeye mwenyewe alipelekwa Nyumba ya Kimya, kama ilivyokuwa desturi ya Tume kwa kila mwimbaji anayengoja fainali ya Jumamosi. Humo hamkuwa na simu wala wageni wala habari. Hisia zake zilikuwa mali ya umma, na mali ya umma hufungiwa.

*

Jumatatu saa nne asubuhi simu ya Wakesho ililia. Sauti ilikuwa ya mbali, inakatika.

"Hapa ni zahanati, huku juu, upande wa Lokori. Mimi ni muuguzi, naitwa Akiru. Niko na mgonjwa anataka kuongea na wewe. Jana tuliwasha redio wodini."

Kulisikika mkwaruzo, kisha pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu anayevuta hewa kupitia tundu dogo.

"Huyo mama anaimba," ilisema sauti ya kijana, "ni mamangu. Na huyo analiliwa ni mimi."

Wakesho alisimama, akafunga mlango, akarudi kukaa. Matapeli walikuwa wengi msimu wa wimbo. "Kwa nini anasema upite mtoni?"

"Mbwa wa kwa Makokha. Aliniuma nikiwa darasa la pili. Tangu hapo nilikuwa napita mtoni mpaka nikawa mtu mzima, na hiyo ni aibu yetu sisi wawili, hakuna mwingine anaijua." Akapumzika. "Dada, mwambie aache. Kwetu mtu mzima haliliwi. Nikisikia hiyo wimbo, miguu inakuwa baridi."

Akiru alichukua simu tena. Wafugaji walimwokota, alisema, wakahama naye ng'ambo ya mpaka kufuata malisho, wakamlisha maziwa miezi hiyo yote, na juzi tu ndio wamemleta. Hakuwa anajijua mpaka juzi. "Mapafu yameungua na ile dawa ya mawingu. Hospitali kubwa wameangalia picha, wamesema hakuna cha kufanya. Leo anaongea. Kesho sijui. Kama kuna mtu wa kumwona, asichelewe."

Wakesho alifurahi. Lazima lisemwe, maana baadaye watu walimtia roho ya chuma ambayo hakuwa nayo. Kwa dakika nzima alifurahi kwa moyo mweupe, mpaka alipoinua macho akaiona ile tisini na moja ubaoni, na chini yake wimbo wa pili, sitini na sita.

*

Profesa Katiku alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama dirishani. Nje, upepo ulikuwa umebeba shamba la mtu.

"Nani mwingine anajua?"

"Muuguzi."

"Akiambiwa, kidani kitasema nini?"

"Nyekundu, Profesa. Hawezi kumlilia mtu anayejua yuko hai. Na hata angeweza, hatakubali."

"Na asipoambiwa?"

"Atashinda Jumamosi, Jumapili atapanda ndege, na fainali ya dunia ni mwisho wa mwezi. Kijana hafiki huko."

Katiku aligeuka. Alikuwa na macho ya mtu mpole, na ndiyo yaliyofanya iwe vigumu kumchukia. "Shule niliyosoma kule Kitui ilifungwa mwaka jana. Walimu wako. Kilichokosekana ni watoto. Nilihudhuria mazishi mpaka nikaacha kuuliza majina." Akakaa. "Wakesho, mimi sikukatazi. Ningekukataza ungenichukia mimi, na ingekuwa rahisi kwako. Nenda ukamwambie ukitaka. Lakini ujue unachokiuza, na ujue kwamba si chako peke yako."

"Ni mamake, Profesa."

"Ndiyo. Na wewe ni mama wa nani?"

Alitoka ofisini humo akiwa ameamua kwenda moja kwa moja Nyumba ya Kimya. Alipofika getini simu ililia tena, na safari hii alikuwa yaya. Mkamburi alikuwa amekohoa akatoa tope lenye damu. Wakesho aligeuza gari.

Alikesha akimshika mtoto wima, maana akilala chali anapaliwa. Asubuhi alisema atamwambia Nelima jioni. Jioni akasema kesho, akili ikishamrudia. Wahenga wanasema ngojangoja huumiza matumbo, lakini hawakusema tumbo la nani, na Wakesho alilitegemea sana pengo hilo.

Jumanne ilikuwa siku ya mazoezi. Nelima aliletwa, akavishwa kidani, akatembea jukwaani mkono kichwani, akamwimbia mwanawe kifo. Wakesho alikuwa nyuma ya kioo. Alingoja mdomo wake mwenyewe ufunguke, haukufunguka. Nambari ilifika tisini na nne. Aliiandika ubaoni kwa mkono wake, na mwandiko ulikuwa mzuri kama siku zote.

*

Jumatano asubuhi Akiru alipiga tena.

"Hasemi tena aache kuimba," alisema. "Anauliza tu kama anakula. Kama mamake anakula. Nimwambie nini?"

Wakesho aliweka simu chini, akaenda Nyumba ya Kimya, akamwambia mlinzi afungue. Nelima alikuwa amekaa kitandani ananyoosha kitenge kwa viganja.

"Mama Sitati, Sitati yuko hai."

Alieleza yote aliyoweza kueleza: puto, wafugaji, zahanati, mapafu. Hakueleza alijua tangu lini. Nelima hakulia wala hakushika kichwa. Aliuliza jambo moja: "Anapumua vizuri?"

"Hapana, mama. Vibaya. Nimechukua ndege ya Tume, ile ndogo. Sasa hivi tukiondoka tutamkuta mchana huu."

Nelima alikwisha kusimama, anafunga kitenge. "Kimilili kwanza."

"Mama Sitati, muuguzi amesema tusichelewe."

"Nimesikia. Kimilili kwanza."

"Ni mgomba tu." Wakesho alijisikia akisema hivyo, na akajua amekosea kabla hajamaliza.

"Mwanangu," alisema Nelima taratibu, "wewe una mashine yako inakuambia kitu cha kweli. Sikukuuliza imejuaje. Nikitokea mbele ya huyo mtoto na shati lake bado liko chini, nitakuwa nimekwenda kumchukua. Nimemwimbia miezi saba. Unataka nimalizie na macho?"

Wakesho angeweza kusema jambo ambalo lingemgeuza: kwamba yeye mwenyewe amekwisha kupoteza siku mbili, na kwamba hizo saa chache ndizo zilizobaki. Hakusema. Ndege iliwapeleka Kimilili.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa shamba la migomba. Sasa palikuwa na visiki. Nelima alikataa kusaidiwa. Shemeji zake walisimama pembeni wamekunja mikono, maana kazi ile ni ya mama, na jembe lilikuwa linagonga udongo na kuruka. Ardhi isiyonyeshewa miaka mitatu haichimbiki, inachongwa. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine. Wakesho alisimama na simu mkononi, akamtumia Akiru ujumbe kwamba wanakuja, kisha wa pili kwamba bado wanakuja.

Jioni Nelima alilifikia shati. Mgomba ulikuwa umekauka ukawa nyuzi. Aliutoa shimoni kwa mikono miwili kama anayetoa mtoto bafuni, akaubeba mpaka kwenye majivu nje ya boma, akaomba maji ya kunawa. Walimpa nusu kikombe.

"Sasa twende," alisema.

Lakini rubani alikataa. Kiwanja cha kule juu hakina taa, na vumbi lilikuwa limepanda. Ingebidi wangoje kukuche. Wakaketi jikoni na wake za shemeji zake Nelima, na Nelima, kwa mara ya kwanza tangu Wakesho amjue, alizungumza sana. Alisema Sitati alikuwa mlafi wa ndizi mbivu. Alisema akirudi nywele zake atazinyoa yeye.

Simu ililia alfajiri, injini ya ndege ikiwa imeshawashwa.

"Ametutoka saa kumi," alisema Akiru. "Pole. Hakuteseka sana mwisho. Aliuliza kama mmekwisha kuung'oa huo mgomba. Nikamwambia ndiyo. Sikujua kama ni kweli, lakini nilimwambia. Akashukuru, akalala."

*

Serikali iligharamia jeneza, tena zuri. Ijumaa walimzika Sitati katika shimo lile lile, kwa kuwa lilikwisha kuchimbwa na hakuna aliyekuwa na nguvu za kuchimba jingine. Watu walingoja mama aanze kuimba. Nelima alifungua mdomo na sauti haikutoka. Akajaribu tena. Wanawake wakaanza wimbo wa kanisani ili kuficha kimya kile.

Profesa Katiku alikuwepo, suti nyeusi imegeuka ya kijivu kwa vumbi. Baada ya udongo kurudishwa alimsogelea Wakesho, akasema kwa aibu ya kweli, huku anatazama viatu vyake: "Kidani kitasema nini sasa?"

Wakesho alijua jibu tangu alfajiri ya Alhamisi. Alijichukia kwamba ndilo lililokuwa wazo lake la pili. "Kijani," alisema.

"Siwezi kumwomba."

"Wala mimi."

Hawakumwomba. Jumamosi mchana Nelima alikuja mwenyewe, ameletwa na lori la magunia, na vumbi la kaburi lilikuwa bado kwenye kucha zake. Mlinzi wa ukumbi alimfahamu akampisha. Alimkuta Wakesho nyuma ya jukwaa.

"Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mgomba," alisema. "Umeisha. Huyu mwenyewe hajaimbiwa, na nyumbani sauti imenikataa. Labda hapa itakuja. Hapa nilizoea."

Wakesho alimvisha kidani. Taa ilikuwa ya kijani, lakini hafifu, inapepesa. Alikuwa ameiona hali hiyo mara chache kazini. Ni pale mtu ana uchungu mkubwa na kitu kingine kimeukalia juu.

"Mama Sitati, kuna kinachokuzuia."

"Kipo." Nelima alitazama mikono yake. "Nikianza kumwimbia nitamwambia nini? Kwamba nilikuwa nachimba? Wewe uliniambia twende. Mchana ule ule ulisema tutamkuta. Mimi nikashika jembe. Jembe langu ndilo lililomuua, mwanangu, na sasa nitamlilia kwa mdomo gani?"

Kutoka ukumbini zilisikika sauti za Mikono wakikaa, viti vikikwaruza. Wimbo wa pili ulikwisha kuimbwa, ukapata sitini na saba. Wakesho angeweza kunyamaza. Mama angebeba lawama ya jembe mpaka kaburini mwake na asingejua kamwe, na sauti isingekuja, na labda hiyo ndiyo ingekuwa haki: hakuna mtoto, hakuna mvua. Au angesema. Na akisema alijua kidani kitafanya nini, na hakuweza tena kujua kama anasema kwa ajili ya mama huyu au kwa ajili ya nambari. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hata ukweli wake ulikuwa umeshachafuka.

"Si jembe lako," alisema. "Nilijua tangu Jumatatu."

Nelima hakuelewa mara moja. "Jumatatu ipi?"

"Hii iliyopita. Saa nne asubuhi. Alipiga simu mwenyewe."

"Jumatatu alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea."

"Alisemaje?"

Wakesho alishindwa kumtazama. "Alisema nikuambie uache kuimba."

Kisha Nelima alisema, kwa sauti ya mtu anayehesabu watoto gizani: "Na Jumanne mkanileta hapa. Nikaimba. Na wewe ulikuwa pale nyuma ya kioo."

"Nilikuwa pale."

Taa ya kidani iliacha kupepesa. Ilisimama, ya kijani, kali hata ikamulika kidevu chake. Wote wawili waliiona kwenye kioo cha ukutani.

"Mama Mkamburi," alisema Nelima. Hakuwahi kumwita hivyo. "Mtoto wako bado anakohoa?"

"Bado."

"Basi. Huyo hana kosa." Alijifunga kitenge upya, akakikaza. "Usiende nyuma ya kioo leo. Kaa pale mbele, nikuone."

Wakesho alikaa mbele. Nelima alitembea jukwaani kama awali, mkono kichwani, akamwita mwanawe, akamwambia mto umekauka sasa, hata njia ile imefungwa, apite anakoweza. Sauti ilikuja. Ilikuja yote. Na karibu na mwisho alisimama, akamgeukia mwanamke wa kiti cha mbele, akaacha Kibukusu akaimba kwa Kiswahili, ili pasiwe na mtu yeyote nchini atakayehitaji kutafsiriwa:

*Jumatatu ulikuwa unaongea, mwanangu,*
*Jumanne nikakuimbia kifo.*
*Nani alikuwa na masikio?*
*Nani alikuwa na masikio?*

Wakesho hakuiona nambari. Aliambiwa baadaye kwamba ilikuwa tisini na nane.

*

Kwenye fainali ya dunia wimbo ulipata tisini na saba, na Jamhuri ikachagua mawingu kabla ya mataifa yote. Nelima alirudi Kimilili siku ya pili yake. Hakutaka kuonana na Wakesho, na Wakesho hakujaribu. Alijiuzulu Tume. Katiku aliipokea barua yake bila swali, akamtumia maua, ambayo yalikuwa yameanza kupatikana tena.

Wimbo ulifanyika kuwa wa wote. Uliimbwa shuleni asubuhi, kwenye harusi, kwenye mikutano ya chama. Hata waliopigania uhuru hawakuwahi kupata wimbo wa taifa uliopendwa hivyo. Ule ubeti wa mwisho ndio uliopendwa zaidi, kwa kuwa ni rahisi, na watoto waliufanyia mchezo wa kuruka na kupiga makofi.

Mvua ya pili ya msimu ilipofika, Mkamburi alikuwa ameacha kukohoa. Alitoka uani na chupi tu, tope linamruka mapajani, akaimba kwa sauti yote ya mapafu yake mazima. Wakesho alikuwa mlangoni ameshika taulo.

"Mama," Mkamburi aliita, "huyu mwenye masikio ni nani? Mwalimu amesema hajulikani."

"Ni mimi," alisema Wakesho.

Mtoto alicheka, akadhani anataniwa, akarudi katikati ya uwanja kuuanza ubeti upya.